Kisogo cha Mzula

Mwezi wa Julai ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hufunikwa na ukungu. Madereva wa watalii wanaotoka Karatu alfajiri hufika lango la Lodoare wamevaa mizula ya sufu iliyofunika masikio. Mgeni anakaa nyuma. Njia nzima ya kushuka kreta anatazamana na kisogo cha dereva, na kisogoni ndiko mfumaji alikopeleka mshono wa kufungia mizunguko, akidhani ameuficha.

Anayefuma kroshia anaijua alama ile. Mzula huanzia utosini: mishono mirefu 12, halafu 24, halafu 36, hadi duara litoshe kichwa, ndipo unashuka bila kuongeza. Kila mzunguko unafungwa kwenye mshono wake wa kwanza, kisha unapanda vitanzi vitatu vya mnyororo kuanza mwingine. Vitanzi hivyo ni vyembamba kuliko mshono mrefu, hivyo pembeni hubaki upenyo. Na kwa kuwa mishono haikai wima kabisa juu ya ile ya chini, upenyo unakwenda upande upande kama njia ya mbuzi mlimani.

Wengi wanauacha hivyo, na mzula unauzika. Mimi namheshimu anayeuondoa. Hapandi mnyororo: anavuta kitanzi kilichopo hadi kimo cha mshono, anakibana kwa kidole, anakizungushia sindano na kukifuma kiwe mshono wenye mwili wake. Wapo wanaozunguka mfululizo bila kufunga, wakiweka kipande cha uzi mwekundu kuonyesha mwanzo. Kwa rangi moja njia hiyo inapendeza sana. Kwenye mistari ya rangi za bendera, kila rangi hupanda ngazi inapokutana na mwanzo wake. Hapo sharti ufunge, na rangi mpya iingie kwenye mvuto wa mwisho wa mshono wa mwisho.

Ukingo wa mzula ndio unaonipa raha zaidi. Unakata uzi, unauvuta utoke juu, unautia kwenye sindano ya kushonea, unaupitisha chini ya nyuzi zote mbili za kichwa cha mshono wa pili, kisha unaurudisha katikati ya mshono ulikotokea. Kichwa kipya kinazaliwa juu ya mshono wa kwanza. Kikaze kilingane na majirani zake tu. Ukizidisha, ukingo unanywea. Mkia uliobaki upitishe ndani ya mishono, kwenda na kurudi, usije ukachomoka mzula ukifuliwa.