Ushairi Mfupi na Majira ya Mkulima

Katika semina zetu za elimu ya siasa mjini Babati kumezuka jambo linalostahili kujadiliwa na makada. Washiriki, hasa vijana wanafunzi, wameanza kutunga mashairi mafupi mno, mishororo miwili au mitatu, pengine mmoja tu, juu ya vitu vya kila siku na juu ya majira. Jembe. Vumbi la stendi. Ukungu wa Julai ziwani. Hakuna beti, hakuna kibwagizo, na mara nyingi hakuna neno hata moja la siasa. Baadhi ya wakufunzi wenzetu wameuita mtindo huu uvivu. Wengine wameuita kasumba ya ubepari uchwara. Sisi tulikuwa katika kundi hili la pili, na kwa kiasi fulani makala hii ni ya kujikosoa.

Hoja ya uvivu ni ya fani, nayo tunaweza kuijibu upesi. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila kuzifuata sheria hizo, wino mwingi umemwagika juu ya vina na mizani. Hatukusudii kuuongeza. Tunataka msomaji ahesabu tu. Mshororo mmoja wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane na nane. Haiku ya Wajapani, ambayo Matsuo Bashō aliyefariki mwaka 1694 aliifanya kuwa sanaa kubwa, ina mizani 17, na kwa desturi sharti iwe na neno la kutaja majira. Tofauti ni mizani moja! Kwa hiyo anayedai kwamba ufupi ni mgeni kwetu hajautazama mshororo wake mwenyewe, wala hajasikia kitendawili kikitegwa jioni.

Hoja ya maudhui ni nzito zaidi. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi waeneze Azimio la Arusha kwa umma, na ndugu Mathias Mnyampala aliitika kwa ngonjera zilizosemwa na watoto mashuleni na kwenye mikutano. Kazi ile ilikuwa ya lazima katika nchi ambayo watu wazima wengi walikuwa hawajui kusoma. Kosa ni letu tuliokuja baadaye. Tulilichukua jukumu la wakati mmoja tukalifanya kuwa maana ya ushairi kwa nyakati zote, ikawa shairi lisilopiga kelele si shairi la umma. Mshiriki mmoja, mtu mzima mwenye shamba, alituletea mshororo huu:

Mlimani pana wingu, jembe nalipiga tupa.

Tuliandika chini yake kwa wino mwekundu: "Siasa iko wapi?" Yeye akajibu kwa adabu, "Ndugu Mkufunzi, wingu si mvua."

Tulichukua muda kuelewa. Mlima ni Kwaraa, unaoutazama mji wetu. Wingu ni la Novemba, vuli inapokaribia. Wingu la namna hiyo hupita mara nyingi bila kuacha tone. Hata hivyo mkulima anainoa zana yake, maana mvua ikifika haitamsubiri. Anafanya kazi kabla ya kupata hakikisho lolote, na zana aliyonayo ni ya mkono. Mshororo hausemi kwamba mkulima ni maskini, wala hausemi kwamba kilimo ni uti wa mgongo. Unatuonyesha mzalishaji mbele ya maumbile, na nguvu za uzalishaji zilipofikia. Sisi tuliofundishwa kuanza uchambuzi wowote na hali halisi tuliyakosa yote hayo kwa sababu hayakuvaa maneno tuliyoyazoea.

Mshororo wa pili ulitoka katika kikundi cha vijana:

Mbaazi zimekauka, mizani haijafika.

Hapa msomaji asiye wa Babati anahitaji maelezo. Wilayani kwetu mbaazi hupandwa pamoja na mahindi. Mahindi yakisha kuvunwa, zenyewe husimama shambani hadi Agosti na Septemba. Nyingi si za kula nyumbani. Ni za kuuza, na soko lake kubwa lilikuwa India. Mnamo Agosti 2017, wakati mavuno yakikaribia, Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingizwa nchini humo, kwa kuwa wakulima wake walikuwa wamevuna kwa wingi na bei huko ilikuwa imeshuka. Bei ikaanguka hapa. Mizani ya mnunuzi, iliyokuwa ikitundikwa kijijini kila msimu, ikawa jambo la kungojewa.

Neno "mizani" linafanya kazi mbili, na vijana walijua wanachokifanya: mshororo unaolalamika kwamba mizani haijafika una mizani zake zote 16. Lakini nguvu yake haitoki katika mchezo huo. Inatoka katika kukutanisha majira mawili, la shamba lililofika kwa wakati wake, na la soko linalopangwa mbali na watu wasiomjua mkulima. Kuna hotuba nyingi za saa nzima juu ya uchumi tegemezi (zetu zikiwamo) ambazo hazikufika hapo.

Tusizidishe sifa. Mshororo huu hauelezi kwa nini mizani haijafika, hauwataji walanguzi, wala hauonyeshi ushirika ungefanya nini. Hauwezi. Shairi fupi hutegemea ujuzi ambao msikilizaji tayari anao, na linapokwenda mbali na kwao hupungukiwa. Kazi ya kueleza ni ya darasa, nasi tumeona kwamba mjadala unaoanza na mshororo huu huwafikisha washiriki kwenye masharti ya biashara ya kimataifa bila kusukumwa.

Mashairi mengi tuliyoyapokea ni mabaya, na ubaya wake unafaa kutajwa. Baadhi yana majira ya kuazima. Mtu aliyekulia Dareda anaandika juu ya upepo wa kusi na matanga, kwa sababu ndivyo diwani za pwani zilivyomfundisha kuyataja majira. Mwingine ameweka theluji! Mulokozi na Kahigi waliiita diwani yao Malenga wa Bara mwaka 1976, na jina hilo peke yake lingetosha kuwaambia vijana wetu kwamba bara nalo lina majira yake. Mengine yanatazama kama mtalii. Katika mashairi matano tuliyoyasoma viboko wa Ziwa Babati wanaelea kwa uzuri machweo. Hakuna hata mmoja anayepanda usiku kula mahindi ya mtu, wala hakuna mtu anayekesha akipiga debe kumfukuza. Hapo ndipo lawama ya ubepari uchwara inapostahili: uzuri umechunwa kutoka katika kazi.

Lakini haistahili kupigwa mtindo mzima. Ho Chi Minh alikamatwa Agosti 1942 kusini mwa China, akahamishwa gereza hadi gereza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika kipindi hicho alitunga kwa Kichina mashairi zaidi ya 100, mengi ya mishororo minne tu, juu ya pingu, baridi, njaa, na mwezi uonekanao dirishani. Hatujui kada yeyote anayethubutu kumwuliza siasa ilikuwa wapi.

Wino wetu mwekundu bado uko katika daftari la yule mwenye jembe. Tulimwomba radhi mbele ya kikundi, tukamtaka aung'oe ukurasa ule na kuunakili upya mshororo wake. Alikataa. Alisema ubaki, wenzake wausome.