Fundi wa Marimba Mwenye Miaka Tisa

Kwa asiyeijua, marimba ya mkononi haina makubwa: ubao, vijiti vya kuegemezea na ndimi chache za chuma zilizopangwa pembeni kwa pembeni. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuichora bila kuinua penseli mara nyingi. Mwambie aiunde, na tena ilie vizuri, hapo ndipo kazi yenyewe inapojitokeza. Katika ua wa jirani yangu hapa Dodoma, mzee wa Kigogo aliyekuwa seremala, watoto wa mtaa huiunda kila shule zikifungwa. Nimekuwa nikiwatazama kwa muda mrefu, na nimeridhika kwamba miongoni mwa shughuli zote za muziki ambazo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuzifanya nyumbani, hii ndiyo inayomfundisha kusikiliza kuliko zote.

Chombo chenyewe kina ukoo wa heshima. Wagogo wanakiita ilimba, na wao ndio waliokifikisha mbali. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliipiga ilimba kubwa yenye ndimi nyingi mbele ya watu wa mabara mengine, na albamu yake ya Chibite ya mwaka 1996 ilitoka Uingereza. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha. Nawataja kwa sababu wasichana wa ua ule wanawajua, na msichana anayejua kwamba wanawake wamesimama mbele na muziki huu hashiki nyundo kwa aibu.

Kazi huanza kwa fundi baiskeli. Spoku zilizopinda na kukatika hukaa rundo kando ya banda lake, na watoto wakiomba hupewa. Chuma cha spoku kinafaa kwa sababu ni kigumu na kina mneso: ukikipinda kidogo na kukiachia, kinarudi kwa nguvu. Waya wa kawaida wa kufungia hauna tabia hiyo, ukipinda umepinda, na ndiyo maana ulimi wa waya laini haulii. Mtoto huligundua hili kwa vidole vyake kabla ya kuelezwa. Anachukua spoku mkono mmoja na waya mkono mwingine, anakunja vyote viwili, na tofauti anaiona mwenyewe.

Kukata ni kazi ya mtu mzima. Mzee hukata vipande kwa msumeno wa chuma, kisha huwapa watoto tupa na msasa wasugue ncha mpaka zisiweze kukwaruza ngozi. Baada ya hapo unakuja mchezo wa nyundo, na hapa ndipo nilipojifunza kutazama. Shoka hulazwa chini, kichwa chake kikawa fuawe. Mtoto, miwani ikiwa machoni, hushika kipande cha spoku kwa koleo na kugonga ncha moja kwa nyundo ndogo. Mgongo wa shoka hujibu kwa mlio mkali, na chuma cha duara huanza kulala, kidogo kidogo, kikawa bapa kama ukucha. Anayegonga kwa pupa hupata ncha iliyopanuka upande mmoja na kupasuka. Anayegonga kwa mapigo mepesi yaliyolingana, huku akikigeuza chuma kila baada ya muda, hupata ubapa mwembamba wa kutosha kukaa chini ya kidole gumba bila kukiumiza. Wapo watoto ambao mikono yao hujua mapigo hayo tangu siku ya kwanza. Wengi hawajui, na mzee huwaacha wagonge kipande kingine. Spoku ni nyingi.

Ubao hutakiwa uwe mkavu na mwepesi, unaoenea viganja viwili vya mtoto. Juu yake huwekwa vijiti viwili sambamba, cha mbele na cha nyuma, na ndimi hulazwa juu ya vyote viwili. Kijiti cha tatu hukaa katikati, juu ya ndimi, na ndicho kinachozibana: hufungwa kwa waya unaopita kwenye matundu ya ubao na kukazwa kwa koleo upande wa chini. Ndimi hupangwa ndefu katikati na fupi pembeni, ili gumba la kulia na la kushoto yagawane kazi. Ukiuweka ubao huo juu ya debe tupu au bakuli la mbao, sauti hukua ghafla na watoto hucheka, kila mara.

Lakini hapo marimba bado ni chuma kilichofungwa kwenye ubao. Inakuwa chombo inapotiwa sauti, na hatua hii huchukua muda mrefu kuliko zote zilizotangulia. Kanuni ni moja: ukiuvuta ulimi mbele ukawa mrefu, sauti inakuwa nzito, ukiusukuma nyuma ukawa mfupi, sauti inakuwa nyembamba. Mtoto husukuma kwa kugonga ncha ya ulimi taratibu kwa kipande cha mti, anapiga, anasikiliza, anagonga tena. Alasiri moja nilimtazama msichana wa miaka tisa akishughulika na ulimi mmoja tu, wa tatu kutoka katikati.

“Babu, huu hauimbi. Unakohoa.”

“Wenzake wanaimba?”

“Wanaimba.”

“Basi ulimi hauna kosa, mjukuu wangu. Angalia waya hapo chini yake.”

Akapindua ubao. Waya ulikuwa umelegea pale pale. Akaukaza kwa koleo, akaupindua tena, akapiga, na ulimi ukalia kwa muda mrefu, safi. Hakusema neno. Akarudi kugonga, kwa sababu sasa ulikuwa unalia lakini juu kidogo ya mahali alipoutaka. Alijua mahali hapo ni wapi. Alikuwa akiimba sauti hiyo kwa pua, midomo imefungwa, huku akisogeza chuma kuifuata.

Namna alivyofanya kazi ndiyo ninayoistahi. Mtoto anayebonyeza kinanda cha kununua hukuta sauti imeshaamuliwa kiwandani. Huyu anaamua. Ili aamue, lazima kwanza awe nayo kichwani, kisha alinganishe iliyo kichwani na iliyo mkononi, na akubali kwamba haziko sawa, na aendelee. Sijui zoezi jingine la muziki la nyumbani linalodai yote hayo kwa pamoja kutoka kwa mtoto wa umri ule.

Na kama mtoto anapenda hesabu, rula ipo. Kwa ndimi zenye unene uleule, sauti hupanda haraka kuliko urefu unavyopungua: ukifupisha ulimi nusu, mitetemo yake kwa sekunde huongezeka mara nne. Kwa hiyo ili kupata sauti ileile lakini ya juu yake, yaani mitetemo maradufu, hukati nusu. Ulimi wa sentimita 10, ukipimwa kutoka kijiti cha mbele hadi nchani, hupata mwenzake wa juu kwenye sentimita 7 hivi. Kati ya hizo mbili, na moja juu yake, Wagogo huweka sauti zao kwa ngazi inayotokana na uzi wenyewe. Unyooshe uzi wa zeze, uguse kidogo tu kwa ncha ya kidole kwenye robo yake, kisha sehemu ya tano, ya sita, ya saba, ya nane na ya tisa, huku ukiupiga, na utasikia milio hiyo ikitoka mmoja baada ya mwingine. Kwa rula, ndimi za ngazi hiyo zinakaribia sentimita 10, 8.9, 8.2, 7.6, 7.1 na 6.7. Watoto wa darasa la tano wanaweza kuzipima na kuziweka alama kwa penseli. Kisha rula huwekwa kando, kwa kuwa hakuna spoku mbili zilizogongwa sawasawa, na sikio ndilo linalomalizia. Ulimi ukibaki juu kidogo tu na hauna nafasi ya kuvutwa, tone la nta chini ya ncha yake huushusha. Ukibaki chini, tupa hupitishwa nchani mara chache na uzito ukipungua sauti hupanda.

Kuna jambo moja zaidi ambalo masikio yaliyozoea vinanda hulidhani ni kasoro. Marimba nzuri huvuma. Nyuma ya kila mlio safi kuna mvumo mwembamba unaoufuata na kuujaza. Kwenye sanduku la ilimba huachwa tundu linalofunikwa kwa utando wa buibui, na utando huo hutetemeka kila ulimi unapopigwa. Kwa marimba ya ubao, watoto hutoboa vizibo vya soda na kuvipigilia vikiwa vimelegea, ili vicheze. Kizibo kikibanwa sana kinanyamaza, kikilegezwa sana kinapiga kelele tupu. Nafasi iliyo katikati hutafutwa kwa kugonga msumari kidogo kidogo.

Nyumba isiyo na nyundo wala spoku nayo ina kazi za kutosha, na zote zinafuata subira ileile. Chukua chupa tano za soda za kioo na maji. Mwambie mtoto apulize mdomoni mwa chupa kama anayepiga filimbi, kisha aongeze maji na apulize tena: sauti inakuwa nyembamba. Sasa mpe kijiko agonge ubavu wa chupa zilezile: yenye maji mengi inatoa sauti nzito. Mpangilio umegeuka. Usimweleze mara moja, mwache akune kichwa. Akipuliza, kinachotetemeka ni hewa, na maji yameipunguza. Akigonga, kinachotetemeka ni kioo, na maji yamekilemea. Mtoto aliyelifikia jibu hilo kwa kugonga na kupuliza hatalisahau.

Kayamba nayo ni shule. Wamijikenda wa Pwani ya Kenya huifuma kwa mabua yaliyopangwa safu mbili kwenye fremu bapa, mbegu zikiwa ndani, na mpigaji huitikisa kwa mikono yote miwili huku magumba yakigonga mgongoni. Nyumbani hutosha mabua ya mtama, kamba na boksi bapa. Jambo la kuchunguza ni wingi wa mbegu. Konzi moja ya choroko hukimbia kutoka upande hadi upande na kusikika ikifika. Jaza boksi, na mbegu hazina pa kukimbilia, mlio unakufa. Tahadhari moja ni ya lazima: mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye jicho jeusi, zinavutia macho lakini zina sumu kali zikitafunwa. Zisiwekwe mikononi mwa watoto. Choroko, mtama au punje za mahindi hufanya kazi hiyohiyo.

Vyombo vikishapatikana, linabaki suala la kupiga pamoja, na kwa hilo mwalimu bora yuko kwenye kinu. Watu watatu wakitwanga kwenye kinu kimoja, kila mmoja ana mchi wake na nafasi yake, na atakayeingia kwenye nafasi ya mwenzake atagongana naye. Chukua watoto watatu, mmoja na debe, mmoja na kayamba, mmoja na makofi, na uwape sharti hilohilo: asipige mtu pamoja na mwenzake. Anzeni polepole. Mwanzoni kila mmoja husubiri kwa hofu na mdundo hukatika. Baadaye kidogo huacha kuhesabu na kuanza kusikiliza, na kutoka kwa mapigo matatu ambayo hakuna hata moja lililo wimbo, unatokea mdundo ambao hakuna aliyeupiga peke yake. Hapo marimba iingie juu yake, mmoja aongoze kwa maneno aliyoyatunga kuhusu zamu ya kuchota maji au paka wa jirani, na wengine waitikie. Usiwapangie maneno. Watoto wanaotunga kiitikio hukikata mpaka kinaingia kwenye pumzi moja, bila mtu kuwaambia kwamba hiyo ni kanuni.

Mzazi atasema hana muda, na wapo wasio nao kweli. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haimhitaji mzazi. Inamhitaji akate chuma, akague ncha, kisha avumilie kelele. Kelele hizo ndizo gharama kubwa ya marimba, maana spoku ni za bure na ubao ni wa masalia. Mtoto anayetia sauti hupiga ulimi uleule mara nyingi mno, na kwa aliye chumba cha pili hakuna kinachobadilika. Kwa yeye mwenyewe kila pigo ni tofauti na lililopita.

Marimba ya spoku haitulii milele. Kila inapopigwa kwa nguvu ndimi husogea kidogo, na baada ya siku chache sauti zinakuwa zimehama. Watu hulihesabu hilo kuwa udhaifu, na baba mwenye huruma anaweza kutamani kuzibandika ndimi kwa gundi zisisogee tena. Asifanye hivyo. Chombo kinachohama humdai mwenye nacho akisikilize upya kabla ya kukipiga, akisahihishe, na ajue kwamba uzuri wa jana haumfai leo asipoutafuta tena. Watoto wa ua ule hawaletewi marimba zilizokwisha tiwa sauti. Kila likizo huzitoa ghalani zikiwa zimeharibika sauti, hukaa chini, na kuanza na ulimi wa katikati.