Chombo Kisichobeba Mtu

Pikipiki za magurudumu manne ni za koo mbili, na watu wengi huzichanganya. Ukoo wa kwanza ni wa kazi. Hizi zina rafu za mizigo mbele na nyuma, hukokota tela, na wafugaji wa Australia na New Zealand huzitumia kama sisi tunavyotumia punda na baiskeli. Ukoo wa pili ni wa michezo. Hizi ni nyepesi, zimelala chini, zina shokapu ndefu, klachi ya mkono na gia za mguu kama pikipiki ya kawaida, na hazina mahali pa kufunga hata fungu la mihogo. Nazungumzia ukoo huu wa pili, kwa sababu ndio anaoutaka mpwa wangu.

Mpwa wangu anafanya kazi Maskati, na siku za mapumziko hutoka na wenzake kwenda kwenye milima ya mchanga ya Sharqiya, kupanda na kushuka mpaka jua lizame. Alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Nimeona tatu za mkono wa pili, zote nzima. Unadhani ipi itafaa Mchinga?" Alikuwa na mambo mawili moyoni: kupita vijia, kutoka Mchinga hadi kilima cha Tendaguru bila kukanyaga lami ila pale isipokwepeka, na kuruka. Tatu zenyewe ni Yamaha YFZ450, Yamaha Raptor 700 na Honda TRX400EX. Nililichukulia swali lake kama ninavyochukulia kitabu kipya. Kabla ya kuuliza kimeandikwa vizuri kiasi gani, nauliza kimeandikiwa nani.

Basi tuanze hapo. Kampuni ya Suzuki ilitoa chombo cha aina hii chenye magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabla yake vilitamba vya magurudumu matatu, vilivyopindua watu wengi hata wenye viwanda wakakubaliana na serikali ya Marekani, mwaka 1988, kuacha kuviuza. Za michezo zilifuata upesi: Suzuki LT250R mwaka 1985, Honda TRX250R mwaka 1986, Yamaha Banshee mwaka 1987. Zilitengenezwa kwa ajili ya viwanja vya mashindano na milima ya mchanga, yaani mahali ambapo mtu amekwisha kuondoa mawe, au Mungu hakuyaweka. Hili si kosa la chombo. Lakini msifiaji anayesema kwamba kinafaa "kila mahali" angetaja basi ni mahali gani alikokwenda.

Vijia vya kwetu vinajulikana. Ukiacha barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Lindi, unaingia kwenye mchanga laini wenye minazi, kisha mawe ya matumbawe yanayochomoza kama meno, kisha mikorosho na mashamba ya ufuta, na ukizidi kwenda bara unakutana na udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka na masika hushika gurudumu kama gundi. Njia ya kwenda Tendaguru ina sifa yake katika historia. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mifupa hiyo ipo Berlin hadi leo. Njia waliyoipita ilikuwa na upana wa mtu na mzigo wake, na vijia vingi vya huku havijapanuka tangu hapo. Baiskeli na pikipiki zimevichimba tu katikati vikawa kama mfereji.

Sasa weka pikipiki ya magurudumu manne juu ya mfereji huo. Hizi tatu zina upana wa sentimita 115 hadi 117 hivi. Pikipiki ya kawaida inafuata mstari mmoja, mstari uleule ambao nyayo zimeupima kwa miaka. Ya magurudumu manne inahitaji mistari miwili, na yote miwili iko nje ya kijia, ndani ya majani, mahali ambapo hakuna mguu uliopita. Huko ndiko viliko visiki. Mkulima akisafisha shamba hukata mti na kuacha kisiki cha urefu wa goti, majani yakaota yakakifunika. Gurudumu la mbele likigonga kisiki, usukani hugeuka wenyewe mikononi, na mpandaji hutupwa upande asioutazamia. Siku zote tunaambiwa kwamba magurudumu manne ni salama kuliko mawili kwa sababu chombo kinasimama chenyewe. Kusimama kinasimama. Ila kikianguka kinamwangukia mwenyewe, na Raptor ikiwa na mafuta ina uzito wa karibu kilo 190.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalitaji. Ekseli ya nyuma ya pikipiki hizi ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa. Gari likikata kona, gurudumu la nje huzunguka zaidi kuliko la ndani, hapa haliwezi. Kwa hiyo ili igeuke, lazima gurudumu moja liteleze, na mpandaji lazima ahamishie mwili wake wote upande wa kona. Juu ya mchanga inateleza kwa raha, ndiyo maana kijana wa Sharqiya anaipenda. Juu ya matumbawe au udongo uliokauka inagoma na kutaka kwenda mbele tu. Hivyo njia moja ya kutoka ufukweni hadi mashambani inamtaka mtu aendeshe vyombo viwili tofauti ndani ya nusu saa.

Nije kwenye kuruka, maana hapo ndipo penye utamu na ndipo penye uongo. Watu hupima ruko kwa jinsi chombo kinavyopaa, na kupaa hakuna kazi: tuta lolote na mafuta ya kutosha vitakurusha. Kazi ni kutua. Katika uwanja wa mashindano, kila tuta la kurukia lina mteremko wake wa kutulia, uliopangwa ili magurudumu yaguse ardhi inayokimbia chini pamoja nayo, na kishindo kisambae. Ukitua penye tambarare kishindo chote hupanda kupitia vifundo vya miguu hadi uti wa mgongo, hata uwe na shokapu za namna gani. Raptor ina mchezo wa shokapu wa karibu sentimita 23 mbele na 25 nyuma. Ni nyingi, lakini hazitoshi kugeuza tambarare kuwa mteremko. Sasa nionyeshe katika vijia vyetu tuta lenye mteremko wa kutulia. Kuna vichuguu, kuna kingo za makorongo, kuna mizizi ya mikorosho. Vyote vina mahali pa kurukia na havina mahali pa kutua.

Tena katika milima ya mchanga wapandaji hufunga bendera kwenye mti mrefu nyuma ya chombo, ili aliye upande wa pili aone kwamba mtu anakuja. Kwenye kijia cha Mchinga aliye upande wa pili ni mtoto mwenye ndoo ya maji, na hajui kwamba anatakiwa kutafuta bendera.

Nikizihakiki hizo tatu zenyewe, naanza na YFZ450 iliyotoka mwaka 2004. Hii ndiyo yenye ukweli mwingi kuliko zote, kwa maana haijifichi. Ni chombo cha mashindano kilichotiwa taa. Injini yake inapenda kuzunguka kwa kasi, haina gia ya kurudi nyuma, na ukikwama uso kwa uso na mnazi unashuka unaivuta kwa mkono. Kama mpwa wangu angekuwa na kiwanja kilichochongwa, ningemwambia aichukue asitazame nyingine. Raptor 700, iliyoanza mwaka 2006, ina nguvu nyingi na gia ya nyuma, na injini yake huvuta vizuri hata ikiwa polepole. Lakini inapata mafuta kwa mfumo wa kompyuta, nayo hupozwa kwa maji kupitia rejeta iliyokaa mbele, mahali panapopigwa na matawi na kuzibwa na tope. Fundi wa chini ya mwembe atafungua kabureta na kuisafisha huku akipiga soga. Kompyuta haitazamwi kwa macho.

Honda TRX400EX, iliyoingia sokoni mwaka 1999, ni ya kizamani, na hiyo ndiyo sifa yake. Hupozwa kwa hewa, ina kabureta, na injini yake ina asili ya pikipiki ya porini ya kampuni hiyohiyo, XR400. Kuanzia toleo la mwaka 2005 ina gia ya nyuma. Shokapu zake ni fupi kidogo, na mwenye kutaka kuruka atalalamika. Mimi naona lalamiko hilo ni ulinzi. Kwa vijia, kati ya tatu, ni hiyo, toleo la 2005 au baadaye, na asikubali kuuziwa iliyorefushwa mikono ya mbele na ekseli ili ifikie upana wa mashindano wa sentimita 127. Achunguze pia kichungi cha hewa. Chombo kilichokula mchanga wa jangwani kwa kichungi kibovu kimekwisha tafunwa silinda, ingawa nje kinang'aa.

Hata hivyo hukumu yangu haiishii kwenye injini. Zote tatu zina kiti cha mtu mmoja, na sheria ya mtengenezaji ni kwamba asipande wa pili. Sababu yake ni ya kweli: mpandaji huiendesha kwa kuhamisha mwili, na mtu akikaa nyuma karibu na ekseli, mbele huwa pepesi, na kwenye mpando chombo hupinduka kinyumenyume. Lakini chombo kijijini hakikai pekee. Pikipiki za Kihindi na za Kichina hazikupendwa Mchinga kwa uzuri. Zilipendwa kwa sababu hubeba. Hubeba korosho, mbao, samaki, na usiku hubeba mzazi anayekimbizwa Hospitali ya Sokoine mjini Lindi. Lami yenyewe hukatika, kama ilivyokatika Somanga mwezi Mei 2024 kwa mvua za kimbunga Hidaya, na hapo kila mwenye gurudumu hutazamwa. Mwenye chombo akigongewa saa nane za usiku, atasema nini? Akikataa, atakuwa amemnyima jirani. Akikubali, atakuwa amemweka mgonjwa mahali pabaya kuliko machela. Sijaona tangazo hata moja linalompa mnunuzi jibu la kumpa jirani huyo.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, akanyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya Boxer mpya Lindi. Nilimtajia. Akasema huenda akanunua zote mbili, Honda ya kwake na Boxer ya nyumbani, na sikumpinga, maana fedha ni zake na kijana ana haki ya furaha.

Kwa kuwa hajaamua bado, nimekata fito ya sentimita 115, nikaenda nayo kwa miguu kwenye kijia kinachoanzia nyuma ya minazi, nikiilaza kukingama njia kila baada ya hatua kumi. Hadi kufika shamba la pili ilikuwa imegusa visiki saba, vinne kushoto na vitatu kulia.