Ligeuze Kwanza

Muuza mtumba mmoja pale Memorial, Moshi, alinitazama nikigeuza sweta la tatu ndani nje, akaniuliza, "Dada, mbona mbele hutazami?" Mbele nilishapaona. Mbele hukuonyesha rangi na mtindo, lakini ukitaka kujua sweta limefumwaje, ingia ndani. Na sisi tunaojifundisha wenyewe kufuma, kroshia na cherehani hatuna mwalimu anayetushika mkono. Mwalimu wetu ni kazi ya mtu mwingine iliyogeuzwa. Jicho likishajua kazi safi inafananaje, mkono unafuata. Lisipojua, utarudia kosa lile lile mwaka mzima ukidhani ndivyo inavyotakiwa.

Tuanze na hilo sweta. Tazama karibu na kwapa, pale mkono unapoungana na kiwiliwili. Kama kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, utaona vialama vidogo vimejipanga sambamba na mshono: vitanzi viwili vimelaliana, nafasi, kisha viwili tena. Hapo mfumaji alikuwa anapunguza vitanzi kidogo kidogo kupata mkunjo wa kwapa. Sweta lililokatwa kwa mkasi halina alama hizo, na ndani yake ovaloki imezunguka kila mahali. Hilo la pili livae tu, halina neno, lakini usilinunue kwa nia ya kulifumua, kwa sababu kila mstari umekatwa ukingoni na utaambulia vipande vifupi vifupi. La kwanza litakupa uzi wa kujifunzia kwa miezi, tena kwa bei ya mtumba. Uzi huo hutoka umejiviringa kama nywele zilizotoka kwenye misuko. Uzungushie mgongo wa kiti, uufunge sehemu nne, uoshe, kisha uanike ukiwa umening'inizwa na kitu kizito kidogo kwa chini. Ukikauka umenyooka.

Kama hujui ni sufu au akriliki, choma ncha. Sufu huungua polepole, hunuka kama unywele ulioungua, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka ikaacha punje ngumu. Kwa anayeanza akriliki inafaa sana, ila usiipitishie pasi ya moto, maana italegea na haitarudi.

Sasa vuta ukingo wa mkono wa sweta, uachie. Lazima urudi. Halafu chukua rula uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10, mara moja chini, mara moja juu. Kwenye kazi ya mtu aliyetulia, hesabu ni ile ile. Pima na yako vivyo hivyo: ukikuta 20 chini na 23 juu, mkono wako ulikuwa unakaza kadiri ulivyokuwa unaendelea.

Kroshia ndiyo inayonishika moyo zaidi. Kufuma kwa mashine kulianza zamani, tangu Mwingereza William Lee alipobuni mtambo wa kufumia soksi mwaka 1589. Kroshia ya kweli bado ni ya mkono. Vile vitambaa vya makochi unavyovikuta sebuleni kwa watu vimetoka kwenye vidole vya mtu, kishono kimoja baada ya kingine, na naumia kila ninapomsikia mnunuzi akivipigia bei kana kwamba vimemwagwa na kiwanda.

Ukitaka kukipima kitambaa cha duara, kiweke mezani, usikinyooshe kwa kiganja. Na kama kimetiwa wanga, usikiamini bado; wanga na pasi hulaza hata kazi iliyoharibika. Kiloweshe, kikauke, ndipo ukiangalie. Kikiinuka kingo kama bakuli, vishono ni vichache. Ukingo ukifanya mawimbi kama jani la sukuma wiki, vimezidi. Jawabu liko kwenye hesabu. Kwa kile kishono kirefu, ambacho unazungusha uzi mara moja kwenye kroshia kabla ya kuchoma, duru ya kwanza huwa na vishono 12, ya pili 24, ya tatu 36, yaani unaongeza 12 kila duru. Kwa kishono kifupi kabisa huongezwa 6. Kitambaa changu cha kwanza kilianza mawimbi duru ya nne. Nilikaa nacho mlangoni penye mwanga, nikahesabu: 12, 24, 48, 96. Nilikuwa nazidisha mara mbili badala ya kuongeza. Nilifumua hadi duru ya pili nikaanza tena, na siku hiyo nilijifunza zaidi ya mwezi mzima uliotangulia.

Kigeuze pia utafute ncha za uzi. Fundi mzuri huzipitisha ndani ya vishono kwa urefu wa kidole, akaenda na kurudi. Ukiona fundo limekatwa karibu karibu, jua halitachukua mafuo mengi.

Kwenye cherehani mambo ni machache, lakini hayasameheki. Shika nguo pande mbili za mshono uvute. Nyuzi zikichungulia kama ngazi, mshono umelegea. Kisha tazama chini: uzi wa bobini ukiwa umelala umenyooka kama waya, kiasi kwamba unaweza kuuchomoa, basi wa juu haukubana. Nyuzi mbili zinatakiwa zikutane katikati ya kitambaa zisionekane. Anayeanza akiona vitanzi vimejaa chini hukimbilia kuchokoa bobini, kumbe mara nyingi kosa liko juu. Alipitisha uzi mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa, visahani vya tensheni vikiwa vimefumba, uzi haukuingia kati yake. Inua mguu, pitisha upya. Kwa kitenge weka sindano namba 14, na mishono kama 10 kwa inchi.

Zoezi la kwanza ninalompa yeyote ni khanga. Doti huuzwa vipande viwili vikiwa bado vimeshikana, kingo zilizokatwa hazijapindwa, kwa hiyo kazi iko tayari inakusubiri. Tenganisha, kunja ukingo mara mbili kwa upana mdogo usiobadilika, piga bandi kwa mkono, ndipo upeleke kwenye cherehani. Ukimaliza, igeuze uende moja kwa moja kwenye kona. Ibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Kona iliyokaa vizuri ni bapa, ncha yake haijavimba wala kuchomoza nyuzi. Kama imevimba, fumua sentimita tano tu za mwisho, punguza kitambaa kilichorundikana ndani ya mkunjo, ushone tena. Khanga moja ina kona nne, na doti lina nane.