Sauti Ipi Inayoondolewa? Uhakiki wa Istilahi za Kutenga Uimbaji na Muziki

Miongoni mwa istilahi zinazokutwa katika miongozo ya programu za kompyuta, katika studio za muziki na hata katika maandishi ya ofisi, yamo maneno yanayotaja kazi ya kuufanya wimbo uliokwisha kurekodiwa usikike bila mwimbaji. Maneno hayo ni matatu: "kuondoa sauti", "kutoa vokali" na "kufuta maneno". Katika makala haya tunakusudia kuyapima kwa vigezo ambavyo watafsiri wa Kiswahili wamevizoea, yaani usahihi wa maana, uwazi kwa msomaji, na upatanifu na istilahi za taaluma nyingine. Kwa maoni yetu, hakuna hata moja kati ya hayo linalostahili kusanifiwa lilivyo.

Tuanze na "kuondoa sauti", ambalo ndilo humjia mfasiri kwanza. Kasoro yake imo katika neno "sauti". Katika Kiswahili, sauti ni ya mtu, ni ya ng'ombe, ni ya ngoma, na ni ya mlango unaofungwa. Ziko lugha zenye neno moja kwa kitokacho kooni mwa mtu na neno jingine kwa kila kisikikacho. Sisi tunalo moja kwa yote mawili, na huo si umaskini, maana katika mazungumzo muktadha hutosha. Lakini istilahi haina budi kusimama hata pale muktadha unapokosekana. Mtu akiona "ondoa sauti" katika simu au kompyuta yake, ataelewa kwamba chombo kitanyamaza. Mwongozo unaomwagiza abonyeze hapo ili abaki na muziki umemwelekeza mahali pasipo.

"Kutoa vokali" kuna hitilafu mbili. Kwanza, katika sarufi "vokali" ni jina jingine la irabu. Mwanafunzi aliyefundishwa vokali na konsonanti anaposoma kuwa wimbo umetolewa vokali, ana haki ya kudhani kuwa zimebaki konsonanti tupu. Pili, kitenzi "kutoa" katika lugha ya wanamuziki kina maana ya kutangaza au kuleta hadharani: fulani ametoa wimbo, ametoa kanda. Hivyo "kutoa vokali" kwaweza kueleweka kuwa mwimbaji ameimba, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha lililokusudiwa.

"Kufuta maneno" nako hakutufai. Mwimbaji hana maneno tu; ana mahadhi, ana mguno, ana mvuto wa pumzi, na hayo yote huenda pamoja na maneno. Tena, katika karaoke maneno hayafutwi kamwe. Kinyume chake, huandikwa kwenye kioo ili mgeni ayaimbe. Kinachokosekana ni yule aliyeyaimba kwanza.

Hata hivyo, kasoro kubwa kuliko zote ni ya pamoja. Maneno yote matatu huchukulia kwamba kazi inayotajwa ni moja, ilhali ukichunguza utaona kuwa ni kazi tatu zilizo mbalimbali.

Kazi ya kwanza ni ile ambayo kwayo uimbaji hauondolewi, kwa kuwa haukuwekwa. Mwaka 1971, katika mji wa Kobe nchini Japani, Daisuke Inoue alitengeneza mashine iliyopiga muziki uliorekodiwa bila mwimbaji ili wateja waimbe wenyewe. Neno "karaoke" lenyewe lina maana ya orkestra tupu. Huko Jamaika, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, sahani nyingi za santuri zilitolewa zikiwa na wimbo upande mmoja, na upande wa pili muziki wa wimbo uleule bila mwimbaji. Mafundi waliweza kufanya hivyo kwa kuwa uimbaji ulikuwa katika mkondo wake wa peke yake kabla ya kuchanganywa. Kitenzi cha kazi hii ni "kuacha": uimbaji umeachwa nje.

Kazi ya pili inahusu rekodi ya stirio iliyokwisha kuchanganywa. Rekodi hiyo ina mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia. Kwa desturi mwimbaji mkuu huwekwa katikati, maana yake ni kwamba sauti yake ni sawasawa katika mikondo yote miwili. Mkondo mmoja ukipinduliwa, penye kilele cha wimbi pakawa bonde, kisha mikondo ikajumlishwa, yaliyo sawa hufutana kama vile moja na hasi moja zinavyoleta sifuri. Lakini njia hii haimtambui mwimbaji, inatambua mahali tu. Basi na besi na ngoma kubwa, ambazo nazo huwekwa katikati, hutoweka pamoja naye. Na waitikiaji waliowekwa pembeni hubaki, pamoja na mwangwi wa mwimbaji mwenyewe. Kitenzi cha kazi hii ni "kufutanisha".

Kazi ya tatu ni ya siku hizi. Programu kama Spleeter, iliyotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Deezer ya Ufaransa, hufunzwa kwa nyimbo nyingi ambazo uimbaji na ala zake vinajulikana kila kimoja peke yake. Kutokana na mafunzo hayo hukadiria, katika wimbo mpya, kipi ni cha mwimbaji na kipi ni cha ala. Hapa hakuna kinachotupwa, kwani uimbaji na muziki hupatikana vyote viwili. Mwaka 2023 wimbo wa The Beatles uitwao "Now and Then" ulitolewa baada ya sauti ya John Lennon kupatikana kwa njia ya namna hii kutoka katika kanda ya zamani aliyoimba huku akipiga piano. Kilichotafutwa kilikuwa uimbaji wenyewe. Je, kazi hiyo nayo tuiite "kuondoa sauti"? Kitenzi chake ni "kutenga".

Huenda msomaji akauliza kama tofauti hizi zina faida kwa mtu asiye fundi. Zinayo. Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake huko Bombay mwaka 1928, zama ambazo sahani zilikuwa na mkondo mmoja tu. Rekodi ya namna hiyo ikigawiwa mikondo miwili iliyo sawa kisha ikafutanishwa, hakitabaki chochote ila kimya, maana vyote vimo katikati. Kutenga, kwa upande mwingine, kwaweza kujaribiwa. Mtunza nyaraka anayesoma "kuondoa sauti" kwa kazi zote mbili hataweza kujua ni ipi aiagize.

Faida ya pili ni ya kisheria, na ndiyo inayotuhangaisha zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ya Tanzania hutofautisha haki za mtunzi, za mtumbuizaji na za mtayarishaji wa rekodi. Mkataba ukiandika kwamba mnunuzi ameruhusiwa "kuondoa sauti na kuitumia", ni sauti ipi? Je, ni ya koo la mwimbaji au ni rekodi nzima ya mtayarishaji? Na aliyeruhusiwa kuacha uimbaji nje ameruhusiwa pia kuutenga na kuupandikiza katika muziki mwingine? Neno moja legevu laweza kumpotezea mwimbaji haki yake, na mahakama haitamuuliza mfasiri alikusudia nini.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba neno "uimbaji" lichukue mahali pa "sauti" na "vokali", kwa kuwa linamhusu mwimbaji mkuu pamoja na waitikiaji. Kwamba vitenzi "kuacha", "kufutanisha" na "kutenga" vitumike kila kimoja mahali pake. Na kwamba muziki unaobaki uitwe "muziki wa kusindikiza". Hatupendekezi "ala tupu", kwa sababu ala ni ya kisu pia. Wala hatuna ugomvi na "biti" ya vijana wa studio, ila biti hutangulia mwimbaji na humngojea, hali muziki tunaouzungumzia umebaki baada ya mwimbaji kutengwa nao.

Pingamizi tunalolitazamia ni kwamba "kufutanisha" ni zito ulimini. Tunakubali kwamba si neno la barazani. Lakini linaundwa kwa viambishi ambavyo kila msemaji anavyo, na linaeleza kitendo chenyewe, yaani kuvifanya vitu viwili vifutane. Mwenye neno jepesi zaidi lenye maana hiyohiyo na alilete, tulipime pamoja.