Sumu ya Mti na Sumu ya Hadithi

Sumu ni mtumishi mwepesi wa watunzi wa hadithi. Mtunzi akishindwa kumwondoa mtu kwa njia ya busara, humtilia majani kikombeni, na mambo yakaisha. Mwanafunzi wa Tononoka aliyezoea visa vya namna hiyo, vitabuni na katika filamu, yampasa ajiulize: je, visa hivi vyasema kweli juu ya mti, na vyasema kweli juu ya mtu?

Na tutazame mifano mitatu. Katika mchezo wa Hamlet, Shakespeare ametuonyesha mfalme aliyetiliwa sumu sikioni na ndugu yake, hali amelala. Sumu ile ilitoka katika mmea gani? Wataalamu wangali wakibishana. Lakini mchezo hauharibiki kwa hilo, maana macho yetu huelekezwa kwa ndugu mwenye tamaa, si kwa mmea.

Filamu ya Snow White ya Walt Disney, iliyotoka mwaka 1937, imefanya kinyume. Malkia mwenye wivu hujigeuza kwanza kikongwe wa kutisha, ndipo ashike tofaa lenye sumu. Picha zake zapendeza, walakini funzo lake ni bovu: uovu umevikwa uzee.

Mfano wa tatu ni wa pwani yetu. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Wasanye na Wadahalo waliahidiwa fedha wamuue shujaa. Shauri lao lilikuwa kula kikoa cha makoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu yake; Liyongo akiwa juu, wampige mishale. Liyongo akatambua, akayaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe. Mwishowe aliuawa kwa sindano ya shaba, mkononi mwa mwanawe aliyedanganywa kwa ahadi za mfalme. Hapa ndipo ubora wa utenzi huu: silaha hubadilika, lakini lawama hubaki kwa watu.

Na mti wenyewe je? Wasanye ni mabingwa wa mishale ya sumu. Sumu hiyo hupikwa kwa mti wa msunguti, nayo Wagiriama huiita utsungu, neno lililo ndugu wa uchungu wetu. Ikiingia katika damu, huusimamisha moyo. Hata hivyo, mwaka 1888 Mfaransa aitwaye Arnaud alitoa katika mti wa jamii hiyo kitu kiitwacho ouabain, na baadaye madaktari wa Ulaya wakakitumia kuwatibu wagonjwa wa moyo. Kilichoua tembo nyikani kikamwinua mgonjwa kitandani. Mti ni ule ule; nia ndiyo iliyogeuka.

Hili si jambo la mchezo. Kilifi na Kwale, si mbali na kisiwa chetu, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mvi zao zikafanywa ushahidi. Sisemi kwamba filamu moja ndiyo iliyowaua. Nasema kwamba kila kisa kimfanyacho kikongwe kuwa chombo cha sumu huongeza kuni katika moto huo.

Basi, usomapo kisa cha sumu, usiulize kwanza ni jani gani. Uliza ni nani aliyelichuma, kwa tamaa gani, na ni nani asingiziwaye.