Waya Saba kwenye Punje ya Mtama

Ukitaka kumjua fundi wa magari madogo, usitazame rangi. Mwombe akufungulie boneti.

Kwa nje, gari la kusubu hutoka kiwandani likiwa limekamilika. Zinki iliyotiwa aluminiamu kidogo huyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, na kinachotoka ni bodi yenye kila mkunjo wa gari lenyewe. Tatizo liko kwenye injini. Kalibu, iwe ya zinki au ya plastiki, lazima ifunguke ili kitu kitoke, kwa hiyo haiwezi kuzaa waya unaoning'inia hewani wala mpira wa rejeta unaokatiza mbele ya injini bila kugusa kitu. Kiwanda hufanya kinachowezekana: hutoa bonge moja la plastiki, nyaya zikiwa mistari iliyovimba juu yake kama mishipa ya mkono wa mzee, halafu hupuliza rangi ya fedha hapa na nyeusi pale. Mnunuzi hufungua boneti mara moja, akaifunga, akaliweka gari kabatini.

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi alishindwa kuifunga. Kazi yake ni uhasibu, na gari lake ni Datsun 240Z la kipimo cha 1:18, yaani kila sentimita 18 za gari halisi zimekuwa sentimita moja mezani. Huku kwetu gari hilo halihitaji kutambulishwa: Edgar Herrmann alishinda nalo East African Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Nilidhani atatengeneza mojawapo ya hayo. Alikataa. Gari la mashindano, alisema, hufunguliwa na kubadilishwa kila mara, na bila picha ya injini ya gari lile lile, la mwaka ule ule, atakuwa anabuni. Akachagua la barabarani, ambalo wazee wa gereji bado wanalikumbuka: bloku ya buluu, kifuniko cha valvu cha aluminiamu tupu, na boksi la chujio la hewa lenye rangi ya machungwa.

Wiki tatu za kwanza hakushika kisu wala brashi. Alitazama picha na kuandika kwenye daftari: mpira huu unatoka wapi, unaingia wapi, unapita juu ya nini. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Watu husifu mkono usiotetemeka, lakini mkono hutulia kwa mazoezi. Kigumu ni kuijua injini. Hii, inayoitwa L24, ina silinda sita katika mstari mmoja, na ujazo wake ni lita 2.4. Kabureta zake mbili na ekzosi ziko upande wa kushoto. Distribyuta na plagi ziko kulia. Anayebandika kabureta upande wa plagi ametengeneza pambo, hata likiwa pambo zuri.

Sasa ije distribyuta yenyewe. Kofia yake kwenye gari halisi ina upana wa sentimita saba hivi. Gawanya kwa 18, unapata karibu milimita nne: punje ya mtama. Katika punje hiyo yanatakiwa matundu saba, sita ya plagi kuzunguka ukingo na moja la katikati kwa waya wa koili. Drili ya umeme haifai, kwani huyeyusha plastiki na kukimbia pembeni. Yeye hutumia kekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, yenye biti ya milimita 0.4, na kila tundu huanza na alama ya ncha ya pini ili biti isiteleze. Akitoboa haongei, na wewe ukiwa mgeni unajikuta umeshikilia pumzi. Biti moja ilikatikia ndani ya tundu la tano. Aliitupa kofia nzima, akachonga nyingine kutoka kwenye kijiti cha plastiki, akaanza tena na tundu la kwanza.

Waya wa plagi una unene wa milimita saba, kwa hiyo mdogo wake awe na 0.4. Uzi wa cherehani ulikataliwa siku ile ile: una manyoya, na kwa kipimo hiki waya unaonekana umeota ndevu. Suluhisho lilipatikana kwa fundi anayefunga upya mota zilizoungua, aliyempa kipande cha waya wa shaba. Shaba nayo ina kasoro yake. Inakumbuka kila ulipoikunja, ilhali waya wa kweli una uzito wa mpira, hulegea kidogo kabla ya kufika kwenye plagi. Basi anauzungusha kwanza kwenye penseli, anaunyoosha nusu, anaupaka nyeusi isiyong'aa, ndipo anapouingiza kwa kibano.

Halafu kuna mpangilio. Injini hii huwasha silinda zake kwa zamu ya 1-5-3-6-2-4, na kwenye kofia zamu hiyo huenda kinyume cha mwendo wa saa. Angeweza kuzipeleka nyaya zinavyokuja. Nilimwambia hakuna mgeni atakayezihesabu.

"Injini hii ukikosea nyaya haiwaki, bwana," alinijibu.

Haiwaki hata hivyo. Ndani ni plastiki tupu. Hakucheka, nami sikuendelea.

Mambo mengine yalikwenda upesi. Mpira wa rejeta ni waya wa kulehemu wa milimita mbili, ulio laini na unaokubali kona. Klempu zake ni vipande vya karatasi ya fedha ya pakiti ya chai. Kifuniko cha valvu alikiosha kwa rangi nyeusi iliyozimuliwa mno, ikajikusanya kwenye mifereji na kuacha kivuli, na penye chuma kitupu alisugua unga wa risasi ya penseli. Mkosi ulikuja mwishoni kabisa. Aliunga koili kwa supaglu akaacha boneti imefungwa usiku kucha. Mvuke wa gundi ukatua juu ya kabureta kama ukungu mweupe. Siku mbili za kazi zilirudiwa.

Ninachokipenda zaidi kwenye injini hii ni alichokiacha. Nimeona magari ambayo kila waya umepakwa nyekundu na kila nati inang'aa, injini imevishwa kama bibi harusi. Hapa kuna weusi wa aina tatu, wa mpira, wa chuma na wa mafuta yaliyokauka, na macho yanachukua muda kuutofautisha. Hata vumbi alilikataa. Nilipomletea udongo mwekundu wa shambani kwangu, niliochekecha mwenyewe, alinionyesha kwa kioo cha kukuzia: chembe ya milimita moja, kwa kipimo hiki, ni jiwe la karibu sentimita mbili. Gari lingeonekana limemwagiwa kokoto. Vumbi lake, siku akilitaka, litatoka kwenye chaki iliyosagwa.

Ukitamani kujaribu, usianze na silinda sita. Tafuta gari la bei ndogo la 1:18 ambalo chini limefungwa kwa skrubu, si kwa ribiti, ili injini itoke bila kuvunja kitu. Weka waya mmoja tu, ule wa koili. Na ukitumia supaglu, acha boneti wazi mpaka asubuhi.